Kupamba ukurasa wa kozi kwenye Moodle bila kuwa admini: wiki za giza na siku za mbalamwezi

MwalimuWaDagaa, Ilemela

Mwangaluka, wana jukwaa. Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi.

Nafundisha kozi fupi ya uchakataji wa dagaa kwenye chuo kidogo hapa Mwanza. Sehemu ya kozi tunaifanya kwenye vichanja, mikono ikinuka, na sehemu iko mtandaoni kwenye Moodle, ule mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Wanafunzi wangu si watu wa laptopu. Wengi ni akina mama wanaoanika dagaa Igombe na Kayenze, wachache wako Ukerewe, na kuna vijana kadhaa wanaoingia ziwani usiku. Wote wanasoma kwa simu. Kioo kimepasuka, bando ni la kupimia, na somo linafunguliwa mtu akiwa amesimama mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, saa saba mchana, jua linawaka juu ya maji hadi unakunja uso.

Shida yangu ni mwonekano wa ukurasa. Ni mweupe mwanzo mwisho. Wiki ya kwanza na wiki ya nane zinafanana kama dagaa wawili wa fungu moja. Mama mmoja alinipigia akaniambia, "Mwalimu, mimi nashuka tu na kidole, sijui nimefika wapi."

Sasa kwa wasioijua kazi yetu, nieleze kidogo, maana ndipo swali lilipo. Dagaa wa ziwa hili huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola na betri. Taa inawavuta dagaa pale giza likiwa la kweli. Mwezi ukijaa, mwanga unatapakaa juu ya maji yote, taa inakosa nguvu, na wavuvi wengi wanabaki nchi kavu. Kwa hiyo tuna wiki za giza, ambapo watu wanavua usiku na kuanika asubuhi, mtu hana hata nafasi ya kuchana nywele. Halafu tuna siku za mbalamwezi: nyavu zinashonwa, harusi zinahudhuriwa, watu wanalala. Kozi nimeipanga kwa kalenda hiyo. Wakati wa giza natoa somo fupi la kusoma huku maji ya chai yanachemka. Mbalamwezi ndipo naweka jaribio, zoezi la kupiga picha chanja lako, na video.

Ninachotaka ni kitu kidogo tu. Mtu akifungua, aone mara moja: hii ni wiki ya giza, hii ni ya mbalamwezi. Nilifikiria kisanduku cha bluu nzito kwa giza na cha njano kwa mbalamwezi. Nimeokota msimbo mtandaoni, lakini nikiubandika kwenye maelezo ya wiki, wanafunzi wanaona msimbo wenyewe, mabano na alama zake zote, kama barua iliyoandikwa na mlevi. Admini wa chuo ni mtu mzuri ila hanipi ufunguo wa mfumo, na simlaumu. Anasema nikitaka kitu nimwandikie.

Je, kuna ninachoweza kufanya nikiwa mwalimu tu? Na kama lazima nimwandikie admini, nimwandikie nini hasa, ili asinirudishie maswali kumi? Mimi HTML, ile lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, naijua kidogo sana. Najua ukifungua lazima ufunge, basi.

---

FundiMalimbe

Mwalimu, pole na kazi. Hilo la kalenda ya mwezi limenifurahisha, kuna kozi ngapi zinafuata mwezi wa Januari na Februari wakati wanafunzi wake wanafuata mwezi wa angani!

Natunza Moodle za taasisi mbili tatu, kwa hiyo nitajibu kwa upande wa anayefungua boneti. Habari njema ni kwamba karibu yote unayotaka yako mikononi mwako. Ukiwa na haki ya kuhariri kozi, tayari una HTML.

Kwanza hilo la msimbo kuonekana kama maandishi. Kihariri cha Moodle kina sura mbili. Ile unayoiona ukianza kuandika ni ya maandishi ya kawaida. Ukibandika msimbo pale, kinadhani unataka kuwafundisha wanafunzi HTML, kinauonyesha ulivyo. Unatakiwa kuingia sura ya ndani. Kwenye matoleo ya karibuni fungua menyu ya View, chagua Source code. Kwenye yale ya zamani kidogo, panua vitufe vya kihariri utafute chenye alama ya `</>`. Bandika humo, hifadhi, rudi nje. Usibandike kwenye maelezo ya wiki kama unaweza kuepuka. Ongeza kipengele kinachoitwa Text and media area, ambacho kabla ya Moodle 4.0 kiliitwa Label. Hicho unaweza kukiburuta juu na chini, kukinakili kwa wiki nyingine, na kukificha.

Jambo la pili walimu wengi hawalijui, na nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Mandhari ya kawaida ya Moodle, inayoitwa Boost, imejengwa juu ya Bootstrap, mkusanyiko wa mapambo ya wavuti yaliyokwisha kutengenezwa. Maana yake simu ya mwanafunzi imeshapakua mapambo kibao kabla hujaandika chochote. Bando limeshalipwa. Wewe unayaita kwa jina tu:

```
<div class="alert alert-info">
  <strong>GIZA.</strong> Wiki hii soma ukurasa mmoja tu:
  kuosha dagaa kwa maji safi kabla ya kuanika.
</div>
```

Hapo tayari una kisanduku cha rangi ya samawati iliyopauka, chenye pembe laini na nafasi ya kupumua. Badilisha `alert-info` iwe `alert-warning`, kinakuwa cha njano. `alert-success` ni kijani, `alert-danger` ni chekundu. Hiyo nyekundu iache kwa siku ya hatari kweli. Nimeona kozi yenye visanduku vyekundu kila wiki, na mwisho wa muhula hakuna mwanafunzi aliyekuwa anavisoma.

Ukitaka rangi zako mwenyewe, weka mtindo ndani ya tagi, yaani ndani ya mabano ya msimbo:

```
<div style="border-left:8px solid #0b2545; background:#eef3f9; color:#1a1a1a; padding:12px 16px;">
  <h4 style="margin-top:0;">GIZA: wiki ya 3</h4>
  <p>Chumvi kiasi gani, na kwa nini mchanga ni adui.</p>
</div>
```

Kwa mbalamwezi badilisha `#0b2545` iwe `#b8860b`, na `#eef3f9` iwe `#fff3c4`. Nimetumia h4, kichwa cha habari cha ngazi ya nne, kwa makusudi, maana jina la wiki lenyewe Moodle hulipa h3; ukiweka h1 katikati ya ukurasa, wanaosomewa na simu kwa sauti watapotea.

Umeona sikukujazia bluu nzito kisanduku kizima. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni viungo. Rangi ya viungo kwenye Boost ni bluu pia, `#0f6cbf`. Juu ya bluu nzito kama hiyo, uwiano wa mwanga kati ya herufi na nyuma yake haufiki hata 3 kwa 1. Kanuni za WCAG, ambazo ndizo watu wa wavuti wanapimia usomekaji, zinataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi meupe juu yake yatasomeka vizuri sana, ila kiungo cha kufungulia somo, ambacho ndicho unachotaka abonyeze, kitazama. Ya pili ni hilo jua lako la saa saba. Skrini yenye eneo kubwa jeusi inarudisha sura ya mtu kama kioo. Nyuma nyeupe au iliyopauka, herufi nyeusi, ndiyo inasomeka mwaloni. Bluu nzito ibaki kwenye ukingo wa kushoto, mstari mwembamba tu, inatosha jicho kuikamata mtu akishuka.

Na njano, tafadhali, isiwe rangi ya herufi. Njano juu ya nyeupe haifiki hata uwiano wa 2. Juani ni sawa na kuandika kwa maji.

La mwisho kwa leo: neno GIZA na neno MBALAMWEZI yaandike. Usiiachie rangi kazi yote. Kuna wasiotofautisha rangi, na kuna simu ambazo kioo chake kimeshaota ukungu wa kijani, kila kitu kinaonekana kama sukuma wiki. Neno halipauki.

---

Kijana_wa_Kirumba

Fundi umemaliza, ila mbona unampa kazi ya mkono? Anaweza kuweka JavaScript kidogo, yaani programu ndogo ndani ya ukurasa, inayopiga hesabu ya mwezi. Mzunguko ni siku 29.5, unachukua tarehe ya mwezi mpevu mmoja unaojulikana, unahesabu kwenda mbele, kisanduku kinajibadilisha chenyewe. Nikipata muda nitaiandika.

---

MwlBukoba

Habari zenu. Nitaleta neno la upande mwingine, Mwalimu asinichukie.

Mimi nafundisha huku Bukoba, na pia wanafunzi wangu ni wa simu. Kabla hujapaka rangi nyumba, angalia kama milango iko mahali pake. Huyo mama hakukuambia ukurasa ni mweupe. Alikuambia anashuka na kidole hajui amefika wapi. Hilo ni tatizo la urefu.

Ingia mipangilio ya kozi, tafuta sehemu ya muundo wa kozi, kuna mahali pa kuchagua wiki zote zionekane ukurasa mmoja au kila wiki iwe na ukurasa wake. Chagua kila wiki na ukurasa wake. Akibonyeza wiki ya 3 anapata wiki ya 3 peke yake. Kwanza hapotei, pili simu haipakui picha za wiki nane ili asome aya moja.

Na picha. Nina hakika una picha za vichanja na dagaa zilizopigwa na simu na kupandishwa hivyohivyo. Picha moja ya simu ya siku hizi inafika MB 3 au 4 bila shida. Ipunguze upana hadi pikseli 1000 hivi kabla ya kuipandisha, itashuka hadi KB mia na kitu, na hakuna mwanafunzi atakayeona tofauti. Watu wanafikiri ukiandika `width="300"` kwenye HTML picha inakuwa nyepesi. Haiwi. Inapakuliwa nzima, halafu inabanwa mlangoni.

Jambo la tatu, je, masomo yako umeyaandika kwenye Word kisha ukayanakili? Kama ndiyo, hata fundi akikupa msimbo wa dhahabu utagoma. Word inaleta mitindo yake imeshonewa ndani ya kila aya, ukubwa wa herufi, aina ya herufi, hata rangi nyeusi. Mtindo ulioshonewa ndani ya tagi unashinda ule unaotoka kwenye mandhari ya mfumo. Chagua maandishi yote, bonyeza kitufe cha kufuta muundo, halafu ndipo uanze kupamba.

Rangi sizikatai. Ila ziwe za mwisho.

---

MwalimuWaDagaa

Asanteni sana, nyote. MwlBukoba sikuchukii hata kidogo, ingawa lile la Word limenigusa mbavu, kana kwamba umechungulia kompyuta yangu.

Nimefanya hivi. Nimezitenga wiki, kila moja na ukurasa wake. Nimefuta takataka za Word. Nimeweka visanduku vya Fundi, giza kwa ukingo wa bluu, mbalamwezi kwa ukingo wa dhahabu, maneno yenyewe kwa herufi kubwa. Nikasubiri. Aliyejibu wa kwanza ni kijana wa Ukerewe, akaandika, "Mwalimu sasa kozi imevaa." Yule mama wa Kayenze hakusema chochote kuhusu rangi, ila amefanya jaribio ambalo alikuwa amelipita bila kuliona. Kwangu hilo ni jibu.

Yamebaki matatu.

Nina jedwali la kulinganisha dagaa waliokaushwa mchangani na waliokaushwa kwenye chanja: muda, usafi, mvua ikinyesha inakuwaje, na bei sokoni. Kwenye laptopu linapendeza. Kwenye simu safu ya mwisho inakatwa, na safu ya mwisho ndiyo ya bei! Hakuna anayesoma jedwali la dagaa ili ajue usafi, watu wanataka bei.

La pili, binti mmoja anatumia programu ya Moodle ya simu, siyo kivinjari. Kwake nyuma ni nyeusi. Kisanduku kimoja nilichokitengeneza mwenyewe kwa kupunguzapunguza msimbo wa Fundi, maandishi hayaonekani kabisa. Vile vya Fundi vinaonekana.

La tatu ni hilo la kijana wa Kirumba. Mdogo wangu, wazo ni tamu, lakini naogopa kitu nisichoweza kukirekebisha wewe ukiwa huna mtandao. Je, kuna njia nyepesi?

---

FundiMalimbe

Naanza na jedwali. Lifungie ndani ya kitu kinachoruhusu kusogezwa kwa kidole kwenda pembeni:

```
<div class="table-responsive">
  <table class="table table-striped">
    <tr>
      <th>Njia</th><th>Bei</th><th>Usafi</th><th>Mvua</th>
    </tr>
    <tr>
      <th>Chanja</th><td>...</td><td>...</td><td>...</td>
    </tr>
  </table>
</div>
```

`table-striped` inaweka milia, mstari mmoja mweupe mmoja wa kijivu, ili jicho lisiruke. Umeona nimeihamisha bei ikawa ya pili. Hiyo siyo kazi ya msimbo, ni wewe umesema. Kama watu wanatafuta bei, iweke karibu na kidole chao. Na kama jedwali lina safu mbili tu zenye maneno marefu, afadhali liache liwe aya mbili, simu haipendi majedwali.

Picha nazo zipe `class="img-fluid"`, hazitapita upana wa skrini. Na `alt` iandikwe kitu cha maana: "Dagaa wametandazwa juu ya chanja la nyavu, urefu wa kiuno". Bando likikata katikati, maneno hayo ndiyo yatakayoonekana mahali pa picha.

Hilo la binti: programu ya simu ina hali ya giza, giza la skrini safari hii. Ikiwashwa, nyuma inakuwa nyeusi na herufi zinakuwa nyeupe. Wewe ulipopunguza msimbo uliacha `background` ukaondoa `color`. Kwa hiyo ukamlazimishia nyuma iliyopauka, herufi zikabaki zile nyeupe za programu. Nyeupe juu ya nyeupe. Sheria yangu ni kwamba hivyo viwili havitenganishwi: ukitaja rangi ya nyuma, taja na ya herufi. Usipotaka kutaja moja, usitaje hata ile nyingine.

Sasa mwezi. Kijana wa Kirumba, hesabu yako ni sahihi, na ukiiandika nitaisoma kwa furaha. Lakini kwa kozi ya Mwalimu siiweki. JavaScript inayokaa ndani ya lebo inategemea kihariri kiikubali, inategemea programu ya simu iiendeshe, na siku admini akipandisha toleo la Moodle hakuna atakayejua imejificha wapi. Isitoshe, wavuvi hawahamii nchi kavu saa ileile hesabu inaposema. Kuna mawingu, kuna upepo, kuna bei. Mwalimu anajua kwa kuangalia juu.

Njia nyepesi ipo, na haina msimbo hata herufi moja. Tengeneza lebo juu kabisa ya kozi, moja kwa kila kipindi cha giza, moja kwa kila kipindi cha mbalamwezi. Fungua mipangilio ya kila lebo, shuka hadi sehemu ya Restrict access, ongeza sharti la tarehe: ionekane kuanzia tarehe fulani, na sharti la pili, hadi tarehe fulani. Kando ya kila sharti kuna alama ya jicho. Libonyeze lifumbe, ili lebo ambayo siku zake hazijafika ipotee kabisa badala ya kuonekana imepauka na maelezo ya kwa nini imefungwa. Ukimaliza, lebo zinapokezana zenyewe. Kwa kuwa mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, tarehe zitasogea nyuma kidogo kila mwezi wa kalenda, kwa hiyo mwanzo wa kila kozi kaa chini na kalenda uzijaze mara moja.

---

Kijana_wa_Kirumba

Sawa Fundi, nimenyoosha mikono. Ila nitaiandika tu, kwa kujifurahisha.

---

MwalimuWaDagaa

Iandike mdogo wangu, tutaiweka kwenye simu za wavuvi.

Fundi, lebo zimekubali. Sasa nikumbushie lile la kumwandikia admini. Visanduku vimeshakuwa vingi, na kila nikitaka kubadilisha rangi moja naingia kila kimoja. Nimwambie nini?

---

FundiMalimbe

Hapo ndipo CSS, lugha ya kupambia kurasa za wavuti, inapostahili jina lake. Tangu Håkon Wium Lie alipoipendekeza mwaka 1994, lengo lilikuwa hilo: mwonekano uandikwe mahali pamoja, maudhui yakae pengine. Mwandikie hivi, umrahisishie kazi:

"Naomba uingize mistari hii kwenye mipangilio ya Boost, kisanduku kilichoandikwa Raw SCSS. Inagusa kozi namba 14 tu."

```
.course-14 .sanduku-giza,
.course-14 .sanduku-mbalamwezi {
  color: #1a1a1a;
  padding: 12px 16px;
}
.course-14 .sanduku-giza {
  background: #eef3f9;
  border-left: 8px solid #0b2545;
}
.course-14 .sanduku-mbalamwezi {
  background: #fff3c4;
  border-left: 8px solid #b8860b;
}
```

Hiyo 14 ni mfano. Namba yako iko kwenye anwani ya kozi, baada ya `view.php?id=`. Moodle huweka namba ya kozi kama klasi, yaani jina la kuitia mapambo, kwenye mwili wa kila ukurasa wa kozi hiyo, kwa hiyo `.course-14` mbele ya kila mstari ni uzio. Admini akiuona uzio huo atapumua, maana anachoogopa ni mwalimu wa dagaa kugeuza rangi ya kozi ya uhasibu. Wewe nawe kwenye lebo utabaki na `<div class="sanduku-giza">` tupu, bila mtindo ndani. Ukiuacha mtindo wa zamani ndani ya tagi, utashinda huu mpya na utalalamika kwamba admini hakufanya kitu.

Mwombe pia, kama atawasha hali ya kutengenezea mandhari wakati anajaribu, aizime akimaliza. Ikibaki imewashwa mfumo mzima unakuwa mzito, na kwa watu wa bando hilo ni kosa la jinai.

---

MwlBukoba

Fundi, swali moja kabla Mwalimu hajatuma. Yule binti wa programu ya simu ataona hivyo visanduku? Mimi nilidhani programu haisomi mandhari ya tovuti.

---

FundiMalimbe

Uko sahihi, na nashukuru umeuliza. Programu haichukui CSS ya Boost. Admini ana mahali pengine, kwenye mipangilio ya programu ya simu upande wa mwonekano, pa kuweka anwani ya faili la CSS ambalo programu italisoma. Aweke mistari ileile kwenye faili, alipandishe kwenye seva, abandike anwani yake hapo. Kwenye faili hilo `.course-14` aiondoe, abakize `.sanduku-giza` na `.sanduku-mbalamwezi` peke yake, maana uzio ule ni wa kurasa za tovuti. Majina hayo hayatumiki kwingine, hayatamgusa mtu.

Kama admini hataki habari ya faili, Mwalimu, basi usitume ombi kabisa. Bakia na mitindo ndani ya lebo kama ulivyo sasa. Inachosha kubadilisha, lakini inafika kwa kila mtu, wa kivinjari na wa programu.